Dainamo ya Chupa: Uhakiki wa Umbo

Mnunuzi akiingia duka la spea kutafuta dainamo ya baiskeli, ile yenye umbo la chupa inayoegemea ubavu wa tairi, swali lake la kwanza huwa bei. Fundi baiskeli huuliza jingine: ya upande gani, kushoto au kulia? Swali la fundi ndilo la mhakiki. Linaanzia kwenye umbo. Fundi anajua kuwa kifaa hiki kimeundwa kwa upande mmoja, kwamba springi yake inasukuma kuelekea huko tu, na kwamba ukikifunga kinyume kitaikimbia tairi badala ya kuiegemea.

Pangani ni mahali pazuri pa kuuliza maswali ya namna hiyo. Mji huu ulimpa Shaaban Robert kazi ya ukarani wa forodha kwa miaka mingi kabla jina lake halijakua, na mtu wa forodha hulipwa kwa kufungua sanduku na kutazama kilichomo kabla ya kuamini kilichoandikwa juu yake. Dainamo zinazouzwa pwani yetu zinahitaji jicho hilo. Zinatoka China na India, zimepakwa kromu iking'aa, na maandishi ubavuni mwake ni ahadi tu hadi hapo taa itakapowaka.

Tuanze kichwani, kwenye kapi. Ni kijigurudumu chenye upana wa sentimita mbili hivi, kimekatwa vijimeno pembeni ili kishike mpira. Tairi ya namba 28, ile ya baiskeli ndefu za mizigo ambazo Phoenix na Hero wametusambazia, ina mzunguko wa mita mbili na kitu. Kwa hiyo kila ringi inapozunguka mara moja, kapi inazunguka zaidi ya mara thelathini. Fani yote ya dainamo ya chupa imo humo. Inachukua mwendo wa taratibu wa kitu kikubwa na kuugeuza mbio za kitu kidogo, bila gia, bila cheni, bila mafuta, kwa kugusana tu. Ndiyo maana sumaku yake inaweza kuwa ndogo na kifaa kizima kikatosha kiganjani.

Lakini kugusana kuna masharti. Chora kwa macho mstari unaopita katikati ya dainamo kutoka kichwani hadi kitakoni, uuendeleze chini: lazima ufike kwenye ekseli ya gurudumu. Ukienda kando, mbele au nyuma ya ekseli, kapi haibingiriki tena, inasugua. Utasikia mlio mkali, utaona unga mweusi wa mpira kwenye foko, na baada ya miezi michache ubavu wa tairi utaonyesha nyuzi. Watu wengi husema dainamo inakula tairi. Inayokula tairi ni dainamo iliyofungwa vibaya, au yenye vijimeno vikali mno. Baadhi ya tairi zina ukanda wa vijistari ubavuni, na wapo wanaodhani ni urembo. Ukanda huo umewekwa kwa ajili ya kapi. Kama tairi yako haina, tafuta kapi yenye kofia ya mpira kabla ya kulaumu kiwanda.

Mvua za masika zikianza, umbo hilo hilo linafichua udhaifu wake. Ubavu wa tairi ukilowa tope, kapi inateleza, na taa inafifia au kuzimika katika usiku ambao ingekuwa na kazi kubwa kuliko wakati wote. Springi ngumu husaidia, ila springi ngumu huongeza uzito miguuni hata siku ya jua. Hapa hakuna hila ya kuepuka gharama. Anayechagua dainamo ya chupa anachagua pia ni kiasi gani cha mshiko wa siku za mvua atakilipia kwa jasho.

Ndani, mambo ni mazuri zaidi kuliko ganda linavyoahidi. Sumaku ndiyo inayozunguka, koili imetulia. Hakuna brashi za kuisha, hakuna waya unaopinda. Kanuni yake Michael Faraday aliionyesha mwaka 1831, na Bosch wa Ujerumani alikuwa akiuza taa za baiskeli za dainamo tangu 1923, kwa hiyo tunazungumzia umbo lililokaa karibu karne nzima bila kubadilika sana. Umeme unaotoka ni wa kwenda na kurudi, si wa upande mmoja kama wa betri. Kwa glopu ya waya hilo halina maana, nayo huwaka vilevile. Kwa taa za LED lina maana kubwa: taa iliyotengenezwa kwa betri kavu ukiiunganisha moja kwa moja na dainamo utaiua. Muulize muuzaji kama taa ni ya dainamo, na akisita, usinunue.

Pale nilipoipenda dainamo ni kwenye tabia moja isiyoonekana. Mtu angetarajia kwamba ukikimbia mara mbili, umeme uongezeke mara mbili, na glopu ipasuke kwenye kila mteremko. Haiwi hivyo. Kadiri sumaku inavyozunguka kwa kasi ndivyo umeme unavyogeuka mwelekeo mara nyingi zaidi kwa sekunde, na koili kwa asili yake huukinza zaidi umeme unaogeuka haraka. Msukumo unapanda, kizuizi nacho kinapanda, na mkondo unakwama karibu na nusu ampia. Hakuna swichi iliyofanya hivyo wala kifaa cha ziada. Koili inayotoa umeme ndiyo hiyo hiyo inayoukataza kuzidi. Washairi wa pwani hii, walioshika mizani kwa karne nyingi, wangelitambua jambo hilo bila kuelezwa: kanuni inayobana ndiyo inayoubeba ubeti.

Nusu ampia kwa volti 6 ni wati 3, na wati hizo 3 zimegawanywa tangu zamani: 2.4 kwa taa ya mbele, 0.6 kwa taa ya nyuma. Mgawanyo huu una matokeo ambayo mafundi wengi wanayajua kwa vidole kuliko kwa hesabu. Glopu ya nyuma ikiungua, mkondo wake hauna pa kwenda ila mbele. Mteremko wa kwanza mrefu utaimaliza ya mbele nayo. Basi ukikuta glopu za mbele zinakufa kila mara, tazama nyuma kabla hujabadili dainamo nzima. Na zikija seti zilizoandikwa volti 12 na wati 6, nazo zipo nyingi, usichanganye: glopu zote mbili ziwe za seti ile, la sivyo unanunua tatizo jipya la kufanana na lile la zamani.

Sasa waya. Dainamo ya chupa ina waya mmoja tu unaokwenda kwenye taa, na njia ya kurudi ni fremu yenyewe. Kwenye kishikio kuna skrubu yenye ncha kali. Kazi yake ni kutoboa rangi ya foko ili chuma kiguse chuma. Kwa mbuni wa Ulaya hii ni akili tupu, waya umeokolewa. Kwa Pangani ni mahali pa kwanza pa kuharibika. Upepo wa kusi unaleta chumvi, baiskeli inaegemezwa ufukweni karibu na ngalawa, tenga la samaki kwenye keria linavuja maji ya bahari juu ya madigadi na foko ya nyuma, na ile ncha ya skrubu inaota kutu ndani ya tundu lake. Taa inaanza kupepesa. Mwenye baiskeli anadhani dainamo imekufa, anakwenda kununua nyingine, anaifunga kwenye kutu ile ile, na baada ya majuma machache hadithi inarudi. Nadhani sehemu kubwa ya dainamo zinazotupwa pwani hazikustahili kutupwa. Waya wa pili, kutoka kwenye mwili wa dainamo hadi kwenye ganda la taa, hugharimu kidogo kuliko chupa ya soda na huondoa fremu kwenye shauri kabisa.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua mbadala, hakikisha kilichokufa ni dainamo. Ifungue, unganisha glopu moja kwa moja kwa vipande viwili vya waya, sokota kapi kwa vidole kwa nguvu. Vidole vinapaswa kuhisi vikwazo vidogo, sumaku ikivutwa kutoka ncha moja hadi nyingine. Na glopu inapaswa kumeta. Ukihisi ulaini usio na vikwazo, sumaku imechoka au imepasuka. Ukihisi mchezo wa kushoto na kulia kwenye shina la kapi, bushi zimelika, na hapo ndipo hukumu ya kununua nyingine inapokuwa ya haki. Jaribio hilo hilo lifanyie mpya, papo hapo dukani, kabla ya kutoa pesa. Muuzaji mwema hachukii.

Mpinzani mkubwa wa dainamo ya chupa, kwa umbo, ni ile inayokaa ndani ya kitovu cha gurudumu. Sturmey-Archer wa Nottingham walitoa yao mwaka 1936, na ile ya volti 6 iliyofuata baada ya vita iliendelea kutengenezwa hadi miaka ya 1980. Haina kapi, haigusi tairi, haijui mvua. Imejificha. Sumaku yake ni pete pana yenye ncha nyingi, kwa sababu lazima izunguke kwa mwendo wa ringi yenyewe, taratibu, bila msaada wa zile mara thelathini. Kwa kipimo cha hesabu ndiyo bora. Inapoteza nguvu kidogo kuliko ya chupa na haipigi kelele.

Mimi siipendi kwa Pangani, na sababu zangu ni za umbo kabla ya kuwa za bei. Ukitaka kuifunga, lazima ringi ya mbele isukwe upya, spoku baada ya spoku. Ikiharibika, baiskeli nzima inalala. Na zile za zamani za Sturmey-Archer zilikuwa na tabia moja mbaya: ukiitoa sumaku kutoka kwenye koili bila kuweka kipande cha chuma cha kuizungushia, inapoteza nguvu yake hapo hapo mikononi mwako. Kifaa kinachoadhibu udadisi wa fundi hakifai mahali ambapo udadisi wa fundi ndio karakana pekee. Dainamo ya chupa inafungwa kwa boliti moja na spana namba kumi. Usiku ukiisha inasukumwa kando kwa kidole, na gurudumu halidaiwi chochote hadi magharibi nyingine.

Mpinzani wa pili hana umbo la kuhakiki, na labda ndiyo nguvu yake. Ni tochi. Tochi ya kuchaji, tochi ya sola, tochi ya simu iliyobanwa kwenye meno, njia ambayo kila mkazi wa pwani ameiona na wengi wameitumia. Imewashinda wote wawili sokoni na itaendelea kushinda. Haijali kasi, haijali tope, inaweza kushushwa baiskeli ikaenda kuangalia nyavu. Sitaitetea dainamo dhidi ya tochi kwa mtu anayeingia nyumbani kabla ya isha.

Ninaitetea kwa mchuuzi wa dagaa. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa ya chombo haivuti kitu mwezi ukiwa mpevu. Uvuvi wenyewe unashika siku za giza. Maana yake ni kwamba anayetoka vijijini usiku wa manane kuwahi vyombo vinavyoingia Pangani anapanda baiskeli katika usiku mweusi kuliko wote wa mwezi, na anafanya hivyo mfululizo, usiku kwa usiku, kwa juma zima au zaidi. Hapo ndipo betri inapoanza kuomba radhi. Chaji ya jana iliishia barazani, sola haikuona jua jana, simu inahitajika kwa bei za soko la Tanga. Dainamo haina jana. Mwanga wake unatengenezwa hapo hapo, kwa mguu ule ule unaoipeleka baiskeli.

Bei ya mwanga huo isifichwe. Kwa wati 3 zinazofika kwenye glopu, miguu hutoa mara mbili au mara tatu ya hizo, kwa sababu mengine yanapotea kwenye msuguano wa kapi na joto la koili. Mtu anayekanyaga kwa mwendo wa kawaida hutoa wati 75 au zaidi kidogo, kwa hiyo dainamo inamchukulia sehemu ya kumi hivi. Akiwa na gunia la nazi kwenye keria ataihisi. Akiwa bila mzigo ataisahau baada ya nusu maili.

Upo upande wa aibu katika umbo hili, nao ni kwamba mwanga unafuata kasi. Barabara ikiwa laini unakimbia, na taa inawaka vizuri. Barabara ikiwa mbovu unapunguza mwendo, na taa inafifia pale pale kwenye mashimo uliyoyapunguzia mwendo. Kwenye mchanga wa njia ya Ushongo unashuka na kukokota, na mbele yako hakuna kitu. Ukisimama kivukoni kungoja zamu ya kuvuka kwenda Bweni, unatoweka machoni mwa kila dereva aliye nyuma yako. Hitilafu hizi hazitokani na ubahili wa kiwanda. Umbo hili lilikomaa Ulaya, kwenye lami na mawe ya mitaa ya miji. Ujerumani ililazimisha kisheria dainamo ya volti 6 na wati 3 kwa miongo mingi, hadi mwaka 2013 taa za betri ziliporuhusiwa kwa baiskeli zote. Dainamo ya chupa ni wazo la barabara nzuri, likasafirishwa kwenda kwenye barabara mbaya.

Na sasa barabara nayo inakuja. Mradi wa lami wa kutoka Tanga kupitia Pangani na Saadani hadi Bagamoyo, pamoja na daraja la kuvuka mto Pangani, unabadilisha usomaji wote. Kwenye lami dainamo itakuwa nyumbani kwake kwa mara ya kwanza: mwendo wa kudumu, kapi kavu, mwanga usiopepesa. Lakini lami inaleta malori na mabasi ya usiku, na hapo ule mgawanyo wa 2.4 na 0.6 unageuka kuwa kosa la kimaudhui. Mbuni wa zamani alidhani hatari iko mbele, kwenye shimo, kwa hiyo akaipa taa ya nyuma makombo. Mchuuzi wa barabara ya lami hatari yake iko mgongoni, na inakuja kwa kilomita 80 kwa saa.

Nikiangalia juu ya mto, naona umbo tofauti kabisa la kanuni hiyo hiyo. Mtambo wa umeme wa maji wa Hale, ulioanza 1964, una uwezo wa megawati 21. Pangani Falls mpya, ya miaka ya 1990, megawati 68. Megawati 21 ni sawa na dainamo za baiskeli milioni 7 zote zikizunguka kwa pamoja. Tofauti yenyewe haimo kwenye ukubwa tu. Mitambo ya mto inalazimishwa kuzunguka kwa kasi isiyobadilika, mizunguko 50 ya umeme kwa sekunde, mtumiaji akiwasha pasi au akizima. Kuna mashine inayofungua na kufunga maji ili yeye asihisi kitu. Gridi ni umbo linaloficha juhudi. Dainamo ya chupa inaianika: unasikia mvumo wake ukipanda, unaona mwanga ukipanda nao, na goti lako linajua kabla ya jicho. Sisemi moja ni bora. Nasema mwenye nyumba Pangani mjini na mwenye baiskeli njiani wanatumia mto na mguu kwa tabia mbili ambazo hazifundishi kitu kimoja.

Kwa anayechagua leo, basi, uamuzi wangu ni huu. Nunua dainamo ya chupa ya volti 6 na wati 3, ya upande unaolingana na foko yako. Usiangalie kromu, angalia kapi, bushi na springi, na usokote kwa vidole kabla ya kulipa. Ifunge ielekee ekseli. Toboa rangi kwa ile skrubu, kisha usiitegemee: vuta waya wa pili. Paka grisi kidogo kwenye nati na kwenye ncha za waya, siyo kwenye kapi. Pesa iliyobaki usiipeleke kwenye taa ya mbele yenye kioo kikubwa. Ipeleke nyuma, kwenye taa ya LED ya dainamo yenye kapasita ndani, ile inayobaki inawaka dakika kadhaa baada ya baiskeli kusimama, na ongeza kioo chekundu cha kurudisha mwanga kwenye madigadi, ambacho hakihitaji umeme wa mtu yeyote. Taa ya aina hiyo ndiyo jibu la ile aibu ya kutoweka kivukoni, na ndiyo kitu kimoja ambacho umbo la zamani halikuwa nacho.

Kwa asiyetoka usiku ila mara moja moja, dainamo ni uzito wa bure kwenye foko. Anunue tochi ya kuchaji, na ile tofauti ya bei anunulie tairi mpya ya mbele.